Walikataa Oktoba, Wakakubali Machi

Jumamosi ya tarehe 24 Machi 1917, watu wa Redfern, mtaa wa wafanyakazi kusini mwa katikati ya jiji la Sydney, waliletewa mafundi boila wawili ili wampeleke mmoja bungeni. Wa kwanza, James McGowen, alikuwa na miaka 61, na kiti hicho alikikalia tangu 1891, mwaka ambao Chama cha Labor kiliingia kwa mara ya kwanza katika Bunge la New South Wales. Mwaka 1910 alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Labor katika jimbo hilo. Wa pili, William McKell, alikuwa kijana wa miaka 25 aliyetokea kwenye chama cha wafanyakazi cha mafundi boila hao hao. Alizaliwa Septemba 1891. Yaani mama yake alipokuwa anajifungua, mzee McGowen alikuwa tayari ni mheshimiwa.

McKell akamwangusha. Na aliyesimama kwa tiketi ya Labor siku hiyo ni huyo kijana. Mzee aliyekijenga chama alisimama upande wa pili, pamoja na watu aliobishana nao bungeni robo karne nzima, kwa sababu aliunga mkono vijana wa Australia wapelekwe kwa lazima kwenye vita vya Ulaya.

(Neno "jimbo" hapa nalitumia kwa New South Wales, Queensland na wenzao. Eneo la mbunge nitaliita kiti, tusije tukachanganyana.)

Ukiitazama Redfern peke yake utadhani uchaguzi ule ulikuwa mwepesi kuusoma: wananchi hawakutaka kulazimishwa, wakamwadhibu aliyetaka walazimishwe. Sasa tazama jimbo zima. Bunge lilikuwa na viti 90. Chama cha Nationalist, kilichoundwa na waliofukuzwa Labor pamoja na Liberal wa zamani, kilipata viti 52. Labor ikaambulia 33. Na hii ni miezi mitano tu baada ya kura ya maoni ya 28 Oktoba 1916 juu ya kuwapeleka watu vitani kwa lazima, ambapo New South Wales ilisema Hapana kwa kura 474,544 dhidi ya Ndiyo 356,805. Nchi nzima ya Australia, Hapana ilishinda kwa tofauti ya kura 72,476. New South Wales peke yake iliizidishia Hapana kura 117,739. Piga hesabu mwenyewe: liondoe jimbo hilo moja, na Ndiyo inashinda. Jimbo lililomkwamisha Billy Hughes, Waziri Mkuu wa Australia aliyeitaka Ndiyo, mwezi Oktoba ndilo lililowakabidhi serikali wenzake mwezi Machi.

Jibu la haraka, ambalo nimelisikia likitolewa kwa chaguzi nyingi, ni kwamba wapiga kura ni vigeugeu. Mimi silikubali. Nadhani waliulizwa maswali mawili tofauti wakatoa majibu mawili tofauti, na kosa ni la wanaotaka kura moja ijibu yote. Tena nadhani Labor haikupasuliwa na vita. Vita vilikuta ufa ambao kila mtu ndani ya chama alikuwa anauona na kuuruka. Ufa wenyewe ulikuwa swali moja la kizamani: mbunge ni wa nani?

Turudi 1891. Labor iliingia bungeni kwa kishindo, wabunge 35 mara moja, wengi wao watu wa karakana, migodi na bandari. Haikupita muda wakagawanyika katikati juu ya ushuru wa forodha. Hawa wanataka bidhaa za nje zitozwe, wale wanataka soko huria. Vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa vimechanga pesa kuwapeleka pale vikabaki vimeduwaa. Ndipo likatungwa sharti: kila mgombea atie saini ahadi kwamba bungeni atapiga kura kama walivyoamua walio wengi kwenye kikao cha wabunge wa chama, na kwamba ilani ya mkutano mkuu ndiyo dira yake. Wabunge wengi walikataa kutia saini. Walisema wao si vibarua wa mtu.

Waliolitetea sharti hilo kwa nguvu zote walikuwa kina nani? McGowen, ambaye 1894 aliongoza kundi la waliotia saini. Hughes, kijana mwenye sauti ya kukwaruza na masikio mazito, aliyeingia bungeni mwaka huo kwa tiketi ya sharti lilelile. Na William Holman, seremala wa samani aliyezaliwa London 1871, akajisomea mpaka akawa wakili, mzungumzaji ambaye hata mahasimu wake walikuwa wanakaa kumsikiliza. Holman huyu wakati wa Vita vya Makaburu alisimama hadharani kuvipinga, akatukanwa kwamba anawapenda maadui. Basi kamba iliyokuja kuwafunga 1916 waliisokota wenyewe, na wakati wanaisokota walikuwa wanawafunga wengine.

Miaka ilivyokwenda, Holman akawa waziri mkuu wa jimbo mwaka 1913. Na serikali ikawa serikali. Jimbo lilifyatua matofali yake lenyewe, likanunua hata meli za kuvua samaki ili bei ipungue mjini. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mkutano mkuu ulikuwa unalidai kila mwaka na kila mwaka likaahirishwa: kulifuta Baraza la Juu la bunge. Wajumbe wa baraza hilo hawakuchaguliwa. Waliteuliwa, na walikaa humo mpaka kufa. Muswada wowote wa wafanyakazi ungeweza kufika kwao ukazimwa. Holman alikuwa na sababu zake za kisheria, na nyingine zilikuwa nzuri, lakini fundi wa karakana za reli za Eveleigh hakuona kwa nini chama chenye wabunge wengi kishindwe kuwaondoa wazee wasiochaguliwa na mtu.

Mwaka 1916, katika mkutano mkuu wa chama, vyama vya wafanyakazi vilivyojipanga kwa kambi moja viliiteka halmashauri, na mkutano ukapitisha hoja ya kuilaumu serikali ya Holman kwa habari ya Baraza la Juu. Holman akajiuzulu uongozi. Aliyependekezwa kushika nafasi yake ni John Storey wa Balmain, ambaye naye, usishangae, alikuwa fundi boila. Ikatafutwa suluhu ya haraka, Holman akarudi kwenye kiti. Angalia tarehe: haya yalitokea kabla Hughes hajarudi kutoka Uingereza, kabla hajataja neno lazima. Mtu anayesema Labor ya New South Wales ilivunjwa na suala la jeshi anaanza kusoma hadithi kutoka sura ya tatu.

Sura ya tatu yenyewe lakini ilikuwa nzito. Hughes alirudi mwisho wa Julai 1916, wakati majeshi ya Australia yanasagwa kijiji cha Pozières, Ufaransa. Katika majuma sita hivi pale, vikosi hivyo vilipoteza watu wapatao 23,000, waliokufa na kujeruhiwa pamoja. Wa kujitolea wakawa hawatoshi kuziba mapengo. Sheria ya ulinzi iliruhusu kumlazimisha mtu kulinda ardhi ya Australia tu, si kumvusha bahari. Hughes angetaka kuibadilisha bungeni, lakini Seneti ilikuwa mikononi mwa Labor na hesabu ilikuwa inamkataa. Akaamua kuwauliza wananchi, akiamini wakisema Ndiyo chama kitanyamaza.

Naandika haya nikiwa Dar es Salaam na siwezi kupita hapa bila kusimama kidogo. Meli ya kivita ya Australia, HMAS Pioneer, ilikuwa huku kwetu wakati huo. Ilishiriki kuizingira manowari ya Wajerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915, ikaipiga Dar es Salaam mizinga mwaka 1916, kisha ikarudi Sydney Oktoba mwaka huo, mwezi uleule wa kura ya maoni. Mabaharia wake walifika nyumbani wakakuta wanaulizwa kama ndugu zao walazimishwe. Huku walikotoka, Mwingereza na Mjerumani walikuwa wanawachukua wanaume vijijini kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Hakuna aliyewaletea karatasi yenye Ndiyo na Hapana. Kilichobaki ni jina la kikosi chao, lililogeuka Kariakoo kwetu na Kariokor kule Nairobi. Silinganishi ili kuwadharau Waaustralia. Nasema tu kwamba kura ile, kwa dunia ya 1916, ilikuwa kitu adimu, na ndiyo maana inafaa isomwe vizuri.

Tuisome basi. Hapana ya Oktoba ilipigwa na nani?

Walikuwepo wafanyakazi wa viwandani, waliohofia kwamba mabwana watawapeleka mafundi vitani na kuleta vibarua wa bei poa mahali pao. Walikuwepo Wakatoliki wenye asili ya Ireland, ambao Aprili na Mei mwaka huo walisikia Uingereza imeyazima maasi ya Dublin na kuwapiga risasi viongozi wake. Kule Melbourne Askofu Mannix aliwapa sauti. Na walikuwepo wakulima. Hawa ndio ufunguo wangu, na mara nyingi wanasahauliwa kwa sababu hawakuandamana.

Hughes, kwa pupa, hakusubiri kura ipigwe. Aliwaamuru wanaume wasio na wake wa umri wa miaka 21 hadi 35 waripoti kambini kwa mazoezi, akijua sheria inamruhusu kuwaita kwa ulinzi wa ndani. Aliyetaka kusamehewa ilibidi aombe, na waombaji wakachukuliwa alama za vidole kama wahalifu. Ilikuwa Oktoba. Kule bara ya New South Wales ngano inaanza kuiva, na Novemba na Desemba ndiyo miezi ya mavuno. Mkulima ambaye hajawahi hata siku moja kuipa Labor kura aliwaza shamba lake, akawaza mtoto wake aliyeko kambini, akaenda kuandika Hapana. Hakuwa mjamaa, wala hakuwa mpinga vita. Bendera ya Mfalme ilikuwa imetundikwa sebuleni mwake. Alitaka mtu wa kuvuna, basi.

Machi ilipofika, ngano ilikwisha vunwa. Vijana walikwisha ruhusiwa kurudi. Hughes alikuwa ameyameza matokeo, kwa uchungu, na siku tatu baada ya uchaguzi wa New South Wales alisimama Bendigo akaahidi kwamba hatamlazimisha mtu bila kuwauliza wananchi tena. Kwa mkulima yule, swali la Oktoba lilikuwa limejibiwa na kufungwa. Swali la Machi lilikuwa lingine: unataka uongozwe na nani, hawa watu wa vyama vya wafanyakazi au wale waliozoea kuongoza? Akarudi nyumbani kwake kisiasa. Hakugeuka popote.

Ongeza la pili: kupiga kura hakukuwa lazima siku hizo, na waliojitokeza Machi walikuwa wachache sana kuliko wale wa Oktoba. Kura ya maoni iliingia kila nyumba kwa sababu iligusa mwana wa kila nyumba. Uchaguzi wa wabunge ukarudi kuwa jambo la wanaopenda siasa. Anayekaa nyumbani naye huwa amechagua, ila hesabu yake haiandikwi.

La tatu ni woga, na hapa Nationalist walicheza kwa ustadi. Septemba 1916 polisi wa Sydney waliwakamata watu 12 wa IWW, jumuiya ya wafanyakazi wenye msimamo mkali, kwa tuhuma za kula njama ya kuchoma majengo. Desemba walihukumiwa, wengi wao vifungo vya miaka 10 na 15. Kuanzia hapo kila mgombea wa Labor aliyepanda jukwaani aliulizwa uhusiano wake na wachoma moto. Nationalist wakajiita chama cha kuishinda vita. Jina kama hilo ni mtego: anayelipinga anaonekana anataka kushindwa. Labor, iliyokuwa imepoteza waziri mkuu wake na mawaziri wake wengi kwa mpigo, ilibadilisha kiongozi mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi. Ernest Durack aliachia Februari, Storey akachukua. Chama hakikuwa na muda hata wa kupanga sura za mabango. Pamoja na hayo kilipata zaidi ya kura nne katika kila kumi. Kwa chama kilichokatwa kichwa, hiyo si aibu.

Sasa msomaji wa Tanzania atauliza, na ana haki: waliofukuzwa chama Septemba na Novemba walibakije wabunge mpaka Machi? Kwetu, Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kimeondoka naye. New South Wales haikuwa na kamba hiyo. Hughes alifukuzwa na halmashauri ya chama ya jimbo Septemba 1916, na hasira hizo zikamfikia Holman vilevile. Lakini Holman alichofanya ni kuvuka ukumbi, kuketi na Charles Wade wa Liberal, na kuunda serikali ya pamoja mwezi Novemba. Akabaki waziri mkuu. Alihama meza bila kuhama kiti. Kwa lugha ya siasa za kwetu za miaka ya karibuni tungesema ameunga mkono juhudi.

Kwa hiyo, chama hakikuwa na njia ya kumwondoa mbunge wake ila kusubiri siku ya kupiga kura, na hili ndilo linalonifanya niiangalie 24 Machi kwa jicho tofauti. Kwa Labor ile ilikuwa kesi ya nidhamu, na baraza la hukumu lilikuwa vituo vya kura vya Redfern na mitaa kama Redfern. Huko chama kilishinda kesi. Kile kizee kilichokaa bungeni miaka 26 kiling'oka kwa kijana asiyejulikana nje ya karakana, kwa sababu jina la chama lilikuwa kwa kijana. McGowen baadaye akapelekwa Baraza la Juu, nyumba ileile ambayo chama chake cha zamani kilitaka kuifuta. Historia nayo ina kejeli zake.

Lakini kushinda kesi ya nidhamu si kushinda serikali. Labor ilirudisha utii ikapoteza jimbo. Kuna watu mpaka leo wanasema ingekuwa busara kumvumilia Holman, kumwacha aseme lake kuhusu vita, mradi serikali ibaki. Ningelikubali hilo kama isingekuwepo Queensland.

Queensland, jirani wa kaskazini, ilikuwa na T. J. Ryan, wakili mwenye asili ya Ireland aliyeiingiza Labor madarakani 1915. Katika mawaziri wakuu wote wa majimbo, ni yeye peke yake aliyepinga watu kulazimishwa. Serikali yake nayo ilifungua biashara, na maarufu kuliko zote ni mabucha ya serikali: ukienda Brisbane ungenunua nyama kwa bei ambayo mwenye bucha wa mtaani alilalamika haimpi faida. Na kuhusu Baraza la Juu, Ryan alijaribu. Mei 1917 aliwauliza wananchi walifute, wakakataa. Alishindwa, lakini alishindwa hadharani, akiwa amebeba ajenda ya mkutano mkuu mabegani. Hakuna aliyeweza kumwambia amewauza wenzake.

Novemba 1917, Hughes alipoitisha kura ya maoni ya pili, Ryan alitaja bungeni hoja ambazo wakaguzi wa habari wa serikali kuu walizuia magazeti kuzichapa. Zikisemwa bungeni zinaingia kwenye kumbukumbu rasmi za bunge, na kumbukumbu hizo huchapwa na kusambazwa. Hughes alifunga safari hadi Brisbane. Usiku wa tarehe 26, askari waliingia kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali ya Queensland wakakamata nakala za kumbukumbu za bunge la jimbo. Hebu fikiria: waziri mkuu wa nchi anatuma jeshi kukamata maneno ya bunge. Siku tatu baadaye, treni yake iliposimama mji mdogo wa Warwick, mtu akamrushia yai likamwangusha kofia. Polisi wa jimbo hawakumkamata mtu kwa namna aliyoitaka Hughes, naye akaondoka kwa hasira na kwenda kuanzisha polisi wa shirikisho. Yai moja likazaa jeshi la polisi.

Desemba Hapana ilishinda tena, safari hii kwa tofauti kubwa zaidi. Na tarehe 16 Machi 1918, vita bado vinaendelea, Queensland ilipiga kura ya wabunge. Ryan akachukua viti 48 kati ya 72. Vita vilevile, magazeti yaleyale yanayomwita msaliti, woga uleule wa IWW. Chama kilibaki kimoja kwa sababu kiongozi na mkutano mkuu walikuwa upande mmoja tangu mwanzo. Nakubali kuwa Queensland ilikuwa na wafanyakazi wa mashambani na vibarua wa kukata manyoya wengi kuliko wakulima wenye mali, na hiyo ilisaidia. Lakini haitoshi kueleza tofauti ya viti 33 kati ya 90 na viti 48 kati ya 72.

New South Wales yenyewe haikuchelewa kuona ni nani iliyemchagua. Tarehe 2 Agosti 1917, haijapita hata miezi mitano tangu uchaguzi, mafundi wa karakana za reli za Eveleigh na za tramu za Randwick waliweka vifaa chini. Kisa kilikuwa kadi. Uongozi wa reli ulileta utaratibu mpya ambapo kila kazi ya fundi inaandikwa kwenye kadi, imeanza saa ngapi na imekwisha saa ngapi, na kadi hiyo anaijaza msimamizi, si fundi. Kwa mtu aliyejifunza kazi yake miaka mitano au saba, kukagua muda wake kwa dakika kulikuwa kumwambia tunakushuku. Mgomo ukaenea kwenye reli zote, bandarini, migodini. Holman alikuwa safarini ng'ambo. Naibu wake George Fuller, mtu wa Liberal, akaleta watu wa mashambani kuendesha kazi, wakalazwa kwenye uwanja wa kriketi wa Sydney na hata kwenye bustani ya wanyama ya Taronga. Wale wakulima wa ngano, tena. Septemba reli ikarudi kazini bila kupata kitu. Dereva mmoja wa treni wa Bathurst aitwaye Ben Chifley alishushwa cheo kwa kugoma. 1945 alikuwa Waziri Mkuu wa Australia.

Holman alidumu mpaka uchaguzi wa 20 Machi 1920. Labor ya Storey ikapata viti 43, ikaunda serikali kwa kujikongoja, na Holman akapoteza hata kiti chake mwenyewe. Kumi kati ya wale 12 wa IWW waliachiwa mwaka huohuo baada ya uchunguzi mpya. Labor iliyorudi ilikuwa ya Kikatoliki zaidi na yenye kushuku kiongozi yeyote anayesifiwa na magazeti, tabia ambayo imeigharimu zaidi ya mara moja.

Kijana wa Redfern ndiye aliyeishi muda mrefu wa kutosha kuona zamu ya pili. Mei 1941, dunia iko vitani upya, New South Wales ikapiga kura, na Labor ilikuwa inatoka kwenye mpasuko mwingine; kundi la mrengo wa kushoto lililojitenga mwaka mmoja kabla lilisimamisha wagombea wake na halikupata hata kiti. Kiongozi wa Labor sasa alikuwa McKell. Aliwafuata wakulima wale wa bara walioipa chama kisogo 1917, akawatafutia wagombea wanaojulikana kwenye vitongoji vyao wenyewe, na akapata viti 54 kati ya 90.

Serikali kuu mwaka huohuo ilimwangukia John Curtin, aliyekuwa katibu wa kampeni ya kupinga jeshi la lazima 1916 na aliyewekwa ndani siku chache Desemba mwaka huo kwa kukataa kuripoti. Mwishoni mwa 1942, Wajapani wakiwa visiwani kaskazini, Curtin alifikia uamuzi kwamba wanajeshi wa lazima waruhusiwe kupelekwa nje ya ardhi ya Australia, kusini-magharibi mwa Pasifiki. Jambo lilelile lililomfukuzisha Hughes. Alianza kwa kuupelekea mkutano mkuu wa shirikisho wa chama chake. Wajumbe wakaomba muda kwenda kuuliza majimboni, naye akawasubiri. Arthur Calwell na wenzake walimshambulia vikali, lakini Januari 1943 mkutano ukakubali, na Februari bunge likapitisha sheria. Chama hakikupasuka. Mbunge wa Redfern wakati huo alikuwa McKell yuleyule.